JFFS2, YAFFS2 au UBIFS: mfumo gani wa mafaili kwa flashi ghafi?

Kabla ya kulinganisha chochote, hakikisha ulichonacho ni flashi ghafi kweli. Kadi ya SD, flashi ya USB, eMMC na SSD zina kidhibiti chao ndani. Kidhibiti hicho ndicho kinachohangaika na bloku mbovu (vipande vya chipu visivyofaa tena) na uchakavu, wewe unaonyeshwa diski ya kawaida tu. Huko weka mifumo ya mafaili kama ext4 au F2FS, ulale usingizi. Flashi ghafi ni ile chipu iliyochomelewa kwenye bodi ya ruta, king'amuzi, mita au kamera ya ulinzi bila mpatanishi yeyote katikati. Kwenye Linux andika `cat /proc/mtd`. Ukiletewa orodha ya `mtd0`, `mtd1` na kuendelea, ulinganisho huu unakuhusu. Ukiona `mmcblk0` peke yake, haukuhusu.

Nasisitiza hili kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. F2FS, iliyotoka Samsung na kuingia kwenye kerneli (kiini) ya Linux 3.8 mwaka 2013, inajitangaza kuwa rafiki wa flashi, na mtu akisikia hivyo anataka kuiweka juu ya NAND, moja ya aina mbili za flashi ghafi. Haiwezekani: inahitaji kifaa cha bloku chenye kidhibiti. Mwingine anagundua kwamba kuna `/dev/mtdblock3`, inayoionyesha flashi ghafi kama diski, anaweka ext4 humo, na inakubali. Tatizo ni kwamba kila ext4 inapobadilisha kipande kidogo, mtdblock inasoma bloku nzima ya kilobaiti 128 kwenye RAM, inarekebisha kipande hicho, inafuta bloku yote kwenye chipu, kisha inaandika upya. Umeme ukikatika kati ya kufuta na kuandika, kilobaiti zote 128 zimekwenda, pamoja na mafaili ambayo hukuyagusa. Tena mtdblock haijui lolote kuhusu bloku mbovu.

## Chipu yenyewe inadai nini

Chukua NAND ya SLC (kila seli inabeba biti moja) ya gigabiti 1, ya aina inayopatikana kwenye bodi nyingi. Ina bloku 1024. Kila bloku ina kurasa 64, kila ukurasa baiti 2048 na baiti 64 za pembeni kwa ajili ya kusahihisha makosa. Unaandika kwa ukurasa, lakini unafuta kwa bloku nzima, na ukurasa ulioandikwa hauandikwi tena hadi bloku yake ifutwe. Bloku moja huvumilia kufutwa takriban mara 100,000. Chipu inatoka kiwandani ikiwa tayari na bloku mbovu. Watengenezaji hujiruhusu hadi 20 katika hizo 1024. Na hata bloku isiyo mbovu hugeuza biti moja moja kadiri muda unavyopita au unavyoisoma mara nyingi.

NOR, aina ya pili ya flashi ghafi, ni mpole zaidi. Haiji na bloku mbovu na inaaminika katika kusoma, ila ni ndogo, ghali kwa kila megabaiti, na inachukua muda kufuta. Ruta nyingi za bei nafuu, zile unazozikuta zimepangwa madukani Kariakoo au Luthuli Avenue, zina NOR ya megabaiti 8 au 16.

Kwa hiyo swali la "mfumo upi ni bora" halina jibu hadi useme chipu ni ipi, ina ukubwa gani, na umeme unakatika vipi. Kifaa chenye betri kinachozimwa kwa utaratibu kina maisha tofauti kabisa na mita iliyofungwa ukutani ambayo umeme unaweza kuchomoka wakati wowote. Kwetu, ni busara kupanga kwa hali ya pili.

## JFFS2

Kampuni ya Axis ya Sweden ndiyo iliyoandika JFFS ya kwanza. David Woodhouse, akiwa Red Hat, akaandika JFFS2, ikaingia kwenye kerneli 2.4.10 mwaka 2001. Inafanya kazi kama daftari la duka la mtu asiyefuta kalamu yake: kila badiliko linaandikwa mwishoni kama rekodi mpya yenye namba ya toleo na hesabu ya ukaguzi, ya zamani inabaki pale hadi bloku yake isafishwe.

Uzuri wake uko hapo hapo. Umeme ukikatika katikati ya rekodi, hesabu ya ukaguzi haitaafikiana, rekodi hiyo itapuuzwa, na toleo la nyuma bado lipo. Kwenye NOR, data inafika kwenye chipu mara tu programu inapoandika. Tena inabana data yenyewe, kwa zlib kwa kawaida, jambo ambalo kwenye megabaiti 8 si anasa.

Ubaya wake ni kwamba faharasa haikai kwenye flashi. Kila inapopachikwa (mount), JFFS2 inapitia chipu nzima na kujenga ramani ya rekodi zote kwenye RAM. Kwa megabaiti 8 au 16 hutahisi. Kwa megabaiti 256 utasubiri, na RAM italiwa kadiri data inavyoongezeka. Muhtasari wa bloku ulioongezwa kwenye kerneli 2.6.15 unapunguza muda wa kusoma, lakini mzigo wa RAM unabaki. Pia ikikaribia kujaa inakuwa nzito: kila uandishi unasubiri usafishaji.

Anayedhani RAM ni jambo dogo amkumbuke Spirit, gari la NASA lililotua Mirihi Januari 2004. Tarehe 21 mwezi huo lilikatiza mawasiliano ya kawaida na kuanza kujiwasha upya tena na tena. Lilikuwa na flashi ya megabaiti 256 na RAM ya megabaiti 128, na mfumo wake wa mafaili, wa mtindo wa DOS juu ya mfumo endeshi wa VxWorks, ulikuwa ukipakia muundo wa saraka zote kwenye RAM. Mafaili yakazidi, RAM ikaisha, kompyuta ikaanguka, ikawaka, ikapakia yale yale, ikaanguka. Wahandisi waliiokoa kwa kuiamuru iwake bila kupachika flashi, kisha wakapunguza mafaili. Haikuwa JFFS2, lakini ugonjwa ni huo huo: matumizi ya RAM yanayokua pamoja na data, bila dari.

## YAFFS2

Charles Manning wa New Zealand aliianza YAFFS mwaka 2002 kwa kampuni ya Aleph One ya Uingereza, ikilenga NAND tangu mwanzo. YAFFS2 ikafuata kwa ajili ya kurasa za baiti 2048. Simu za mwanzo za Android zilitumia hii, ikiwemo ile ya kwanza kabisa, HTC Dream ya 2008. Nexus S ilipokuja mwishoni mwa 2010 ikiwa na ext4, zama zile zikaanza kufungwa, kwa kuwa simu zilihamia kwenye eMMC.

Ni nyepesi, msimbo wake unasomeka, na ukizima kifaa kwa utaratibu inawaka haraka kwa sababu ya picha ya hali inayohifadhiwa wakati wa kuzima. Ila umeme ukikatika ghafla, picha hiyo haifai tena, na inabidi ipitie chipu upya. Haibani data. Haitunzi hesabu ya mara ambazo kila bloku imefutwa. Alama zake kwa kawaida hukaa kwenye baiti za pembeni za ukurasa, na chipu za sasa zinazodai usahihishaji mzito wa makosa zinazitaka baiti hizo hizo. Na kubwa kuliko yote kwa mtu wa Linux: haikuwahi kuingia kwenye kerneli rasmi, hivyo kila ukipandisha toleo unabeba kiraka chako mgongoni.

Nje ya Linux hadithi inabadilika. Kama una mfumo mdogo wa wakati halisi wenye NAND, YAFFS2 bado ni chaguo la heshima, na leseni ya kibiashara inauzwa kwa wasiotaka GPL, leseni ya programu huria. Kwa mradi mpya wa Linux, sioni sababu.

## UBI na UBIFS

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo miradi mingi ya NAND inapoishia.

Ni ghorofa mbili. Ya chini, UBI, iliingia kwenye kerneli 2.6.22 mwaka 2007. Ya juu, UBIFS, ilitengenezwa na wahandisi wa Nokia kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Szeged cha Hungaria, ikaingia kwenye 2.6.27 mwaka 2008. Nokia N900 ya 2009 ilikuwa na mfumo wake mkuu juu ya UBIFS.

UBI inachukua bloku halisi za chipu na kukupa bloku za kufikirika ambazo haziharibiki. Mwanzoni mwa kila bloku inaweka vichwa viwili: kimoja kinahesabu bloku hiyo imefutwa mara ngapi, kingine kinasema ni ya sehemu (volume) ipi. Bloku ikionyesha biti zilizogeuka lakini bado zinasahihishika, UBI inahamisha data kwenda bloku nyingine kabla hali haijawa mbaya. Bloku ikifa, inatolewa nje na nyingine ya akiba inaingia.

Kinachonifanya niiamini zaidi ni usawazishaji wa uchakavu. JFFS2 inasawazisha ndani ya patisheni yake tu. UBI inasawazisha katika eneo lote ililopewa, hata kupitia sehemu zisizoandikwa kamwe. Kerneli yako iliyolala miaka miwili bila kuguswa imekalia bloku changa. Tofauti ya hesabu ikipita kizingiti, ambacho kwa kawaida ni 4096, UBI inaihamishia kwenye bloku iliyochoka na kuziachia zile changa kazi ya kuandikwa.

Fanya hesabu uone. Tuseme programu yako inaandika upya kilobaiti 4 za hali kila sekunde, zisizobanika. Kwa siku ni megabaiti 337.5. Ukiiweka kwenye patisheni ya JFFS2 ya megabaiti 2, kila bloku inazunguka takriban mara 169 kwa siku, na mizunguko 100,000 inakwisha ndani ya siku 592: mwaka mmoja na miezi saba hivi, na hapo hatujahesabu rekodi za ziada wala usafishaji. Data ile ile juu ya UBI yenye megabaiti 120 inazunguka chini ya mara 3 kwa siku. Hata ukikadiria kwamba UBIFS inaandika mara tano zaidi kwa ajili ya faharasa na mambo yake, bado unaongelea karibu miaka 19.

(Ila mfumo wa mafaili haumwokoi anayeandika ovyo. Mwaka 2021 Tesla iliita tena magari takriban 135,000 ya Model S na Model X kwa sababu eMMC ya gigabaiti 8 ilikuwa ikichakaa, na hiyo ina kidhibiti chake. Kumbukumbu za matukio ziweke kwenye RAM, uzitupe kwenye flashi mara chache.)

Sasa bei yake. UBI inatenga bloku 20 kwa kila 1024 kwa ajili ya zitakazoharibika, kwenye chipu yetu ni megabaiti 2.5, na nyingine chache kwa matumizi yake. Vichwa viwili vinakula kurasa mbili za kila bloku, hivyo baiti 131072 zinabaki 126976. Kama chipu inaruhusu kurasa ndogo za baiti 512, zinabaki 129024. Andika namba hizo mahali, kwa sababu ndizo unazoipa `mkfs.ubifs`, programu ya kuunda picha ya UBIFS, kwenye `-e`. Ukikosea, UBIFS inakataa kupachikwa na ujumbe wa kosa hautakusaidia sana. Kwenye NOR ya megabaiti 8 gharama hii haivumiliki, na UBIFS haikubali kabisa bloku ya kufikirika iliyo chini ya kilobaiti 15, kwa hiyo NOR inayofutwa kwa kilobaiti 4 haimo.

Kuwaka kwake kunategemea idadi ya bloku, kwa kuwa UBI inasoma vichwa vyote. Kwa bloku 1024 au 2048 ni muda mfupi. Kwa chipu kubwa kuna fastmap, tangu kerneli 3.7 ya 2012, inayofupisha kazi hiyo. Mimi naiacha imezimwa mpaka muda wa kuwaka uwe tatizo lenye namba, kwani ni sehemu nyingine ya kuharibika. UBIFS yenyewe ina faharasa kwenye flashi, hivyo ukubwa wa data hauicheleweshi.

## Faili lenye baiti sifuri

Wanaohama kutoka JFFS2 wana lalamiko moja maarufu: "UBIFS inakula mafaili." Programu inafungua `mipangilio.conf`, inaifuta iwe tupu, inaandika maudhui mapya, inafunga. Sekunde kumi baadaye umeme unakatika. Kifaa kikiwaka, faili lipo, ukubwa wake sifuri.

UBIFS haikukosea. Tofauti na JFFS2, inahifadhi data kwenye RAM kwanza na kuipeleka kwenye chipu baadaye, ndiyo maana ina kasi. Habari ya kwamba faili limefanywa tupu ilifika kwenye flashi, maudhui mapya yalikuwa bado njiani. Kufunga faili si kuamuru liandikwe. Dawa ni kuandika `mipangilio.tmp`, kuita `fsync` (amri ya kulazimisha data ifike kwenye chipu) juu yake, kisha kulibadilisha jina kuwa `mipangilio.conf`. Kwa njia hiyo utakuta la zamani zima au jipya zima. Kama ni lazima jipya liwe limefika kabla ya kuendelea, ita `fsync` kwenye saraka pia. Kupachika kwa chaguo la `sync` kunasaidia programu usizoweza kuzirekebisha, kwa gharama ya kasi na uchakavu zaidi.

Mitego mingine miwili inatokea mezani kwa fundi. Ya kwanza: kusafisha patisheni ya UBI kwa `flash_erase` kunafuta hesabu zote za uchakavu, chipu ya miaka mitano inajiona mpya. Tumia `ubiformat`, inazihifadhi. Ya pili: mashine ya kiwandani inayoandika picha nzima ya mfumo (image), pamoja na kurasa tupu zilizojaa 0xFF, inaweza kuandika misimbo ya kusahihisha makosa kwenye kurasa ambazo UBIFS inadhani ni tupu. UBIFS ikija kuziandika, zinakuwa zimeandikwa mara mbili, na makosa yanaanza. Chaguo la `-F` la `mkfs.ubifs` linazirekebisha mara ya kwanza inapopachikwa.

Kama chipu ni MLC (kila seli inabeba biti mbili), simama. Humo kurasa zimeoanishwa, na umeme ukikatika wakati wa kuandika ukurasa mmoja unaweza kuharibu mwingine ulioandikwa zamani. Tangu 2018 UBI inaikataa MLC waziwazi. Kerneli 5.8 ilileta hali ya kuitumia kama SLC, unapoteza nusu ya ujazo.

## Kwa haraka

| Hali yako | Ningeweka | Angalia |
|---|---|---|
| NOR ya MB 4–32, Linux | SquashFS chini, JFFS2 juu | usiijaze |
| NAND ya SLC, MB 64 na zaidi, Linux | UBIFS juu ya UBI | `fsync`, kisha kubadili jina |
| NAND, mfumo wa wakati halisi | YAFFS2 | leseni, baiti za pembeni |
| Mikrokontrola yenye NOR ndogo | littlefs | husawazisha bloku zinazoandikwa tu |

Safu ya kwanza inahitaji neno. Programu za mfumo hazina haja ya kuwa mahali panapoandikika. OpenWrt, mfumo huria wa ruta, inafanya vizuri hapa: SquashFS ya kusomwa tu, juu yake tabaka la mabadiliko, ambalo ni JFFS2 kwenye NOR na UBIFS kwenye NAND. Tabaka likiharibika unalifuta, ruta inarudi ilivyotoka. Kwenye NAND usiweke SquashFS moja kwa moja juu ya chipu, haijui bloku mbovu wala biti zinazogeuka. Iweke ndani ya UBI kupitia `ubiblock`, iliyopo tangu kerneli 3.15.

littlefs ilitoka Arm mwaka 2017. Inatumia RAM yenye kikomo kinachojulikana na inavumilia umeme kukatika. SPIFFS, iliyotangulia kuzoeleka kwenye mikrokontrola ya ESP8266, haina saraka na inazorota ikijaa. Kwa kazi mpya iache. Na LogFS, iliyosifiwa kuwa ndiyo itakayochukua nafasi ya JFFS2, iliingia kwenye kerneli 2010 na kuondolewa kwenye 4.10. Ukikutana nayo kwenye makala za zamani, pita.

## Jaribu kabla ya kusambaza

`modprobe nandsim` inakupa NAND ya kuigiza kwenye kompyuta yako, unaweza kuitangazia bloku mbovu na biti zinazogeuka kwa kutaka. Baada ya hapo chukua bodi halisi, iunge na relei, ikate umeme kwa nyakati zisizo na mpangilio huku programu yako ikiandika, usiku kucha, na kila inapowaka ikague mafaili yake yenyewe.

Kwa UBI, soma `/sys/class/ubi/ubi0/max_ec` siku ya kwanza na baada ya wiki. Gawanya mizunguko inayoahidiwa na mtengenezaji kwa ongezeko hilo, utapata chipu itaishi wiki ngapi. Kisha weka `bad_peb_count` na `reserved_for_bad` kwenye ripoti ambayo kifaa kinakutumia. Akiba ikifika sifuri bloku nyingine ikafa, UBI inahamia kwenye hali ya kusoma tu, na kifaa kilichofungwa juu ya nguzo kilomita 300 kutoka ulipo kitaendelea kuwaka kama kawaida bila kuhifadhi kitu.